Wapi pa kupigia picha meli Kigoma: bandari kuu, Kibirizi, Ujiji au majini?

Mwenye siku mbili tu za kutazama na kupiga picha vyombo vya Ziwa Tanganyika hawezi kumaliza Kigoma yote. Bandari kuu, mwalo wa Kibirizi (yaani mahali boti hushushia watu na mizigo) na ufukwe wa Ujiji viko karibu, bodaboda inakuzungusha kote kabla ya chai ya saa nne. Ila saa nzuri ya sehemu moja mara nyingi ndiyo saa nzuri ya nyingine pia, kwa hiyo ukienda kwingine umeshakosa. Njia ya nne, kukodi boti na kupiga ukiwa majini, ina saa zake.

Wengi huchagua kwa ukubwa wa chombo: meli kubwa ziko bandarini, basi twende bandarini. Hicho ni kigezo dhaifu. Meli kubwa inaweza kukaa gatini siku tatu bila kusogea, na huko Kibirizi boti thelathini zimeingia na kutoka. Afadhali uanze na jua, kisha ujiulize unataka kuona kazi gani.

Vigezo vitano

Cha kwanza ni mwanga. Kigoma iko ufukwe wa mashariki, ziwa liko magharibi yake. Asubuhi ukitazama maji jua liko mgongoni mwako, linaangaza ubavu wa chombo unaoutazama. Alasiri linakuwa mbele yako, na kila chombo kinageuka kivuli cheusi juu ya maji yanayomeremeta. Halafu kuna jambo la saa. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko kwenye nyuzi 29.6 hivi. Ndiyo maana jua la Kigoma huchelewa kama dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Huchomoza kati ya saa 12:35 na saa 1:10 asubuhi kulingana na mwezi, huwa utosini karibu saa saba mchana, na huzama kati ya saa 12:50 na saa 1:25 jioni. Mpigapicha wa Pwani aliyezoea kufunga kamera saa tatu asubuhi kwa kuogopa jua kali atapoteza saa nzima iliyo nzuri: Kigoma mwanga unafaa mpaka saa nne. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini-mashariki na Desemba kusini-mashariki, tofauti ya nyuzi 47 hivi, kwa hiyo pembe iliyokufaa Juni usiitegemee Krismasi.

Cha pili ni kazi inayoonekana: kufunga meli, kupakia, kupanga mabehewa, kushusha abiria, kuanua dagaa. Mtu anayependa shughuli za bandari na mtu anayependa umbo la meli hawatafuti picha moja.

Cha tatu ni umbali na lenzi, na hapa kuna hesabu rahisi. Kwa kamera ya sensa kamili, yenye upana wa milimita 36, zidisha urefu wa chombo kwa urefu wa fokasi ya lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake), kisha gawa kwa 36. Jibu ni umbali ambao chombo kitajaza picha kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Meli ya mita 71, ambao ndio urefu wa MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili, kwa lenzi ya milimita 50 inahitaji mita 99 hivi. Kwa lenzi ya 200 inahitaji mita 394. Ongeza sehemu moja ya tano ili pabaki nafasi pembeni. Simu nyingi zina lenzi kuu inayolingana na milimita 24 hadi 26, maana yake usimame mita 60 hivi kutoka kwenye meli hiyo, nafasi ya pembeni ikiwemo. Boti ya mbao ya mita 12 kwa lenzi ya 50 unaipata ukiwa mita 17 tu, au 20 ukiiachia nafasi. Kama kamera yako ina sensa ndogo ya milimita 23.5, gawa kwa namba hiyo badala ya 36.

Cha nne ni ruhusa, ya mamlaka na ya watu. Cha tano ni gharama na hatari.

Bandari kuu ya Kigoma

*Kazi inayoonekana.* Hapa ndipo reli na ziwa vinapokutana. Reli ya Kati ya geji ya mita ilifika Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo behewa linaweza kusukumwa hadi gatini, mzigo ukatoka behewani ukaingia melini. Huo mfuatano ndio utajiri wa mahali hapa, na ni vigumu kuupata kwingine nchini kwa ukaribu huo: kichwa cha treni kinasukuma mabehewa, vibarua wanafungua milango, winchi inainua, shehena inashuka kwenye tumbo la meli. Saruji, nondo, unga na mafuta vinaelekea Bujumbura, Uvira na Kalemie. Ukikaa saa kadhaa, angalia namba za kina zilizoandikwa omo na tezi. Piga kabla ya kupakia na baada ya kupakia, ukiwa umesimama mahali pale pale na kwa lenzi ile ile. Picha mbili za namna hiyo zinaonyesha meli imekaa kiasi gani, na kama mzigo umewekwa nyuma zaidi tezi litakuwa limezama kuliko omo. Hakuna maelezo yanayoshinda hilo.

Meli inapoingia, tukio la kupiga ni kurusha kamba. Kwanza hurushwa kamba nyembamba yenye uzito mwishoni, aliyeko gatini anaivuta, nayo inaleta kamba nene inayovikwa kwenye kigingi cha chuma. Weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/1000 ya sekunde, maana kwa 1/250 kamba inakuwa ukungu. Fokasi iweke kwa baharia anayerusha. Ukiifuata kamba utapata picha ya mawingu.

*Mwanga.* Asubuhi ni nzuri kwa meli iliyoko majini inayokuja. Meli iliyokwisha kufungwa ni habari nyingine, kwa sababu majengo ya bandari na vilima vilivyo nyuma ya mji huchelewesha jua kufika gatini. Kabla ya saa mbili mara nyingi sehemu ya juu ya meli ina jua na ya chini iko kivulini, na kamera haiwezi kushika zote mbili. Subiri mstari wa kivuli ushuke hadi majini. Meli zilizopakwa rangi nyeupe zipunguzie mwangaza theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), la sivyo maandishi ya jina na mistari ya maungio ya mabati yanapotea kwenye weupe.

*Umbali.* Ukiwa gatini umebanwa: nyuma yako ghala, mbele yako meli. Lenzi ya 24 hadi 70 inatosha kwa kazi, lakini meli nzima kwa ubavu huipati. Tembea hadi mwisho wa gati uipige kwa pembe, omo likiwa karibu.

*Ruhusa.* Hapa ndipo wengi hukwama. Bandari, stesheni na maeneo ya ulinzi hayapigwi picha bila kibali, na uzio hauondoi sheria: kupiga kutoka nje ya uzio ni kupiga bandari vilevile. Andika barua kwa Meneja wa Bandari za Ziwa Tanganyika wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, ukitaja majina, namba za vitambulisho, tarehe, saa, vifaa na matumizi ya picha. Ipeleke mapema, siku za kazi, na uambatishe nakala ya kitambulisho. Kinachokwamisha barua nyingi ni kuandika "kupiga picha bandari" bila kusema nini. Andika "kupiga picha upakiaji wa meli fulani, gatini, asubuhi" na uombe mtu wa kukuongoza. Kibali cha bandari hakikupi ruhusa ya kupanda melini. Hiyo anaitoa nahodha au wenye meli. Droni ina vibali vyake, kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa safari ya siku mbili ni bora uiache nyumbani.

*Gharama na hatari.* Kofia ngumu, kizibao kinachoakisi na viatu vilivyofunika vidole ni lazima. Hatari kubwa ambayo mgeni haioni ni kamba iliyokazwa. Kamba ya nailoni ikikatika hurudi kwa nguvu kwa mstari wake wenyewe, na huwa haipigi honi. Usisimame usawa wa kamba, wala ndani ya pembe inayokunjwa na kamba kwenye kigingi. Kwenye reli, acha angalau mita mbili kutoka kwenye behewa hata kama limesimama, na usipite kati ya mabehewa mawili yaliyoachana: yanaweza kusukumwa bila wewe kusikia kichwa cha treni kilichoko mbali.

Neno moja kuhusu Liemba, kwa kuwa nusu ya wageni huja kwa ajili yake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuingia majini hapa Kigoma Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na ikarudi kazini 1927. Ilisimama 2018 ikisubiri matengenezo makubwa, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi uliza kwenye ofisi ya meli kama Liemba ipo, iko wapi na iko katika hali gani.

Bandari inamfaa mwenye subira na barua, anayependa mashine, reli na namba.

Kibirizi

*Kazi inayoonekana.* Kibirizi, kaskazini mwa mji, ndiko boti za mbao za abiria na mizigo zinazohudumia vijiji vya kaskazini zinakotia nanga: Gombe, Mwamgongo, hadi Kagunga mpakani na Burundi. Kwa wingi wa safari hakuna panapoishinda. Asubuhi boti huingia zikitoka vijijini na watu, mawese, dagaa na kuku. Mchana, kati ya saa sita na saa nane hivi, huondoka zikiwa na sukari, sabuni, mabati na magodoro. Jumapili huwa kimya, usiipoteze siku hiyo hapa.

Upakiaji wa boti una utaratibu wake, na ukiujua unajua pa kusimama. Vitu vizito vinaanza, chini na katikati, kisha vyepesi, watu mwisho. Injini ya kubandika iko tezi, kwa hiyo mzigo ukizidi nyuma omo linanyanyuka na boti haishiki njia vizuri. Picha inayoeleza zaidi inapatikana dakika kumi kabla ya kuondoka, nahodha anapoanza kuhamisha watu kutoka nyuma kwenda mbele. Wapenda orodha waangalie ubavu wa omo: jina na namba ya usajili viko hapo, na majina ya boti za Kibirizi yanastahili albamu yake.

*Mwanga.* Ni mzuri kuliko kokote asubuhi. Ufukwe uko wazi, boti zinakujia na jua limezipiga usoni. Saa mbili hadi saa nne ndiyo yako. Tatizo ni kwamba safari za kuondoka, ambazo zina shughuli nyingi zaidi, zinaangukia jua la utosini: nyuso za abiria zina vivuli vyeusi chini ya kofia na vitenge. Siku ya mawingu mepesi inakuokoa. Siku ya jua, acha kupiga nyuso, piga mikono, kamba na mizigo.

*Umbali.* Unakaribia kwa hatua chache. Lenzi ya 35 au 50 inatosha, simu pia inafanya kazi vizuri kabisa. Lenzi ndefu ya 70 hadi 200 ni kwa boti ikiwa bado mbali: kwa 1/500 inaganda vizuri, na ukitaka matone ya omo yaonekane moja moja panda hadi 1/1000.

*Ruhusa.* Ukitumia gati la zege, jitambulishe kwa wahusika wa bandari, maana nalo ni eneo la mamlaka. Mwaloni nenda kwanza kwa viongozi wa mwalo au mwenyekiti wa mtaa. Salamu itangulie: shikamoo kwa wazee, kisha eleza kazi yako, ndipo kamera itoke kwenye mkoba. Kamera ikitoka kwanza utaulizwa bei kabla ya kuulizwa jina. Mwenye boti ambaye mzigo wake umezidi hatataka picha, na ana sababu zake, usibishane naye.

*Gharama na hatari.* Nauli ya bodaboda na labda soda. Mchanga ndio adui: usibadilishe lenzi ukiwa umesimama kwenye upepo, ingia kibandani. Ubao wa kupandia una utelezi wa mawese na magamba ya samaki. Na usiingie majini kutafuta pembe, kichocho kipo kwenye maji ya kina kifupi yenye majani.

Ujiji

Ujiji, kilomita chache kusini, kwa mtalii wa kawaida ni mnara wa Livingstone, aliyekutana hapo na Stanley mwaka 1871. Kwa mpenda vyombo ni mahali pa kuona boti zikizaliwa na kufufuliwa ufukweni: mbao mpya, misumari, pamba inayosukumwa kwenye nyufa, boti kuukuu zilizogeuzwa matumbo juu. Fundi anayeziba ufa hatembei, hana haraka, na anaweza kukueleza kila ubao. Ukitaka kujifunza jinsi chombo cha mbao kilivyo ndani, Ujiji inaishinda bandari kuu.

*Mwanga.* Asubuhi kama Kibirizi. Ila Ujiji inavumilia pia jua la mchana, kwa sababu fundi mara nyingi yuko chini ya kivuli cha mwembe au turubai, na kivuli kilicho wazi kina mwanga laini. Weka usawa wa rangi kwenye "kivuli", la sivyo mbao zitatoka za bluu.

*Umbali.* Mita mbili hadi kumi, lenzi ya 35. Piga picha tatu za kila kazi: nzima, mikono, kiungo chenyewe.

*Ruhusa.* Ni ya mtu kwa mtu. Kina mama wanaoanika dagaa waombwe mmoja mmoja; ruhusa ya kiongozi haiwafungi wao.

*Gharama na hatari.* Daladala kutoka mjini. Angalia kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mwezi: uvuvi wa dagaa kwa taa hutegemea giza, kwa hiyo siku zinazozunguka mbalamwezi boti nyingi zimelala ufukweni. Kwa anayetaka dagaa ni hasara, kwa anayetaka boti zilizopangwa safu na mafundi kazini ni neema. Ya pili ni ya serikali: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, basi uliza kama kuna katazo kabla ya kupanga safari ya miezi hiyo. Ufukwe wenyewe pia huhama. Ziwa lilipanda sana miaka ya karibuni, na njia ya pembeni ya maji uliyoiona kwenye picha za zamani inaweza kuwa imefunikwa.

Kutoka majini

*Mwanga.* Hii ndiyo faida yake yote. Ukiwa ziwani unatazama mashariki, kwa hiyo alasiri, wakati wa nchi kavu wamefunga kamera, wewe jua liko mgongoni. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni meli zilizoko ghubani, mji na vilima vyake vyote vina mwanga wa dhahabu. Kibirizi asubuhi na boti alasiri ni siku iliyokamilika.

*Kazi inayoonekana.* Kidogo: umbo la meli, meli ikiwa njiani, tishari (chombo bapa cha mizigo) likivutwa. Shughuli za gatini zinaonekana kwa mbali tu.

*Umbali.* Unauchagua mwenyewe, na hapa ile hesabu ya 36 inalipa. Mwambie nahodha akuweke mita 120 kutoka kwenye meli, uwe na lenzi ya 50. Chombo chako kinayumba, basi kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000, na usiegemeze kiwiko kwenye ubavu wa boti, mtetemo wa injini unapita mkononi hadi kwenye picha. Mwombe apunguze injini unapopiga, asiizime kabisa: boti isiyo na mwendo hugeuzwa ubavu na mawimbi. Kichujio cha polaraizi kinaondoa mng'ao wa maji lakini kinakula stopu moja na nusu hadi mbili, hivyo pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kwanza.

*Ruhusa.* Bandari ikiwa ndani ya picha, kibali ni kile kile. Usikaribie chombo chochote cha jeshi, wala usikipige.

*Gharama na hatari.* Ndiyo ghali kuliko zote, na bei inafuata mafuta. Patana mapema: saa ngapi, mafuta ya nani, kusubiri kunahesabiwaje. Jaketi okozi kwa kila mtu, limevaliwa, lisikaliwe kama mto. Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki una nguvu na alasiri mawimbi mara nyingi ni makubwa kuliko asubuhi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na nahodha akisema leo hapana, usimwongezee hela. Miezi hiyo hiyo, Julai hadi Septemba hasa, moshi wa moto wa nyika hufifisha anga mpaka milima ya Kongo haionekani. Novemba, baada ya mvua kuosha hewa, inaonekana wazi kabisa, lakini ngurumo za alasiri zinakuja haraka.

Kwa hali yako

Una asubuhi moja tu na simu: Kibirizi, saa mbili, Jumatatu hadi Jumamosi.

Una wiki nzima na unapenda shughuli za bandari: peleka barua siku ya kwanza, fanya Kibirizi na Ujiji ukisubiri jibu, na kibali kikitoka tumia siku nzima gatini badala ya saa mbili mbili kwa siku tatu. Upakiaji hauna ratiba ya mpigapicha.

Unataka picha moja ya ukutani ya meli nzima: boti, alasiri, Novemba au Machi siku isiyo na ngurumo, baada ya kuhakikisha kwamba meli unayoitaka iko ghubani. Ukiwa na watu watatu wa kuchangia mafuta, gharama inabebeka.

Umekuja na watoto au na mzee asiyetembea sana: Ujiji. Kuna kivuli na mahali pa kukaa.

Unaandika kumbukumbu ya vyombo, namba kwa namba: Kibirizi kila siku, na taja faili zako kwa mwaka, mwezi, siku, jina la chombo, kisha "anaingia" au "anatoka". Baada ya mwezi mmoja utaweza kujua ni boti ipi inafanya safari ya Kagunga na ipi imesimama, jambo ambalo picha nzuri peke yake haikuambii.

Mvua imeanza asubuhi: kaa mjini mpaka ikatike. Dakika thelathini baada ya mvua ndizo zenye hewa safi kuliko zote, na Kibirizi boti zilizokuwa zimejizuia zote zinaingia kwa pamoja.